Papa hakunitisha kama ile ripoti ya daktari

Na Daktari Wetu

Kuna wasomaji watakaojiuliza filamu ya kutisha inatafuta nini katika kurasa za afya. Jibu langu ni kwamba, katika filamu zote za madubwana nilizowahi kutazama, iko moja ambayo kila mwanafunzi wa udaktari angefaa kuonyeshwa kabla hajakabidhiwa kalamu ya kutia sahihi vyeti vya vifo. Nayo ni Jaws, maana yake taya, ya Mmarekani Steven Spielberg. Ilianza kuonyeshwa Juni 1975 na mwaka 2025 ikatimiza miaka 50. Vijana wanaoitazama leo kwenye simu hawakuwa wamezaliwa, na baadhi ya wazazi wao pia.

Kwa ambaye hajaiona, kisa chenyewe ni chepesi. Katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Amity (picha zilipigwa Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts) msichana anaingia baharini kuogelea usiku na harudi. Asubuhi mabaki yake yanaokotwa ufuoni. Mkuu wa polisi, Martin Brody, ni mgeni aliyehamia kutoka New York, na mwenyewe anaogopa maji. Daktari anayechunguza maiti anamweleza kwamba msichana ameuawa na papa. Brody anaandika hivyo kwenye ripoti yake na kuanza kutafuta mbao za kuandikia tangazo kwamba fuo zimefungwa.

Sasa tazama kinachofuata. Brody yumo kwenye kivuko, na meya Larry Vaughn anamfuata huko pamoja na wakubwa wengine wa mji. Daktari naye yumo katika kundi hilo. Meya anamkumbusha Brody kwamba mji ule unaishi kwa pesa za wageni wa kiangazi na kwamba sikukuu ya tarehe 4 Julai imekaribia. Kisha daktari anageuza kauli yake. Anasema pengine hakuona sawasawa, pengine msichana alikatwa na mashua, na ripoti itabidi irekebishwe. Hakuna aliyemtishia bastola wala kumpa bahasha. Amesimama tu katikati ya watu anaowajua, wenye nyuso za upole, nao wanasubiri aseme neno ambalo litawafaa wote.

Mimi nikitazama filamu hii, hapo ndipo ninapoona dubwana. Papa ni mnyama na amefuata chakula chake. Lakini kuanzia sahihi ile kila anayekufa amekufa kwa sababu ya karatasi. Siku chache baadaye mtoto aitwaye Alex Kintner anaomba ruhusa kwa mama yake arudi majini kidogo tu na boya lake. Mama anamruhusu, maana hakuna tangazo lolote la kumkataza. Mtoto harudi. Baadaye mama huyo, akiwa katika nguo nyeusi za msiba, anamjia Brody na kumpiga kofi, kwa kuwa amepata habari kwamba msichana alikuwa amekwisha kufa na polisi walijua. Anayepigwa kofi ni Brody. Meya amesimama karibu na hapigwi. Daktari wala hayupo, na mama hatajua kamwe kwamba jina la kwanza katika msiba wake ni la mtu mwenye shahada ya udaktari.

Wenzangu wengi wanajua kivuko hicho kilivyo, hata kama hawajawahi kuiona filamu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika shule moja ya bweni ambako wanafunzi walikuwa wakiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, wengine macho yameingia ndani na ngozi ukiifinya hairudi. Msimamizi alinipokea kwa heshima zote, akaniandalia chai, na kabla sijanywa akaniomba niandike kwamba ni maharagwe yaliyochacha. Mitihani ilikuwa wiki mbili mbele na wazazi wangeingiwa na wasiwasi. Nilimwambia kwamba sampuli zimekwisha kuondoka kwenda maabara na kwamba simu ya afisa wa afya ya umma nimeipiga nikiwa langoni. Chai niliinywa. Sijaitwa tena katika shule hiyo.

Sheria yetu ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haimwachii daktari nafasi ya kujadiliana juu ya jambo hili. Kipindupindu ni miongoni mwa maradhi ambayo ni lazima yaripotiwe. Sababu yake ni ya hesabu tupu: mgonjwa mmoja anayeharisha karibu na kisima ambacho watu hawajaonywa ni wagonjwa kumi baada ya siku chache. Mwaka 1892, katika mji wa bandari wa Hamburg nchini Ujerumani, wakubwa waliogopa kutangaza kipindupindu kwa kuwa meli zingezuiwa na biashara ingesimama. Walipotangaza, maji ya mfereji yalikuwa yamekwisha kuueneza mji mzima. Walikufa watu zaidi ya 8,000 katika muda wa wiki chache. Robert Koch, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa vijidudu hivyo, alitumwa kutoka Berlin na kukuta maradhi yamekwisha kuota mizizi. Na huku kwetu, mwaka 2017, kipindupindu kilipozuka Nairobi, miongoni mwa waliougua walikuwa wajumbe wa kongamano la afya lililofanyika hotelini. Maradhi haya hayaulizi mtu amevaa kitambulisho gani shingoni.

Wajuzi wa fasihi wataniambia kwamba kisa cha meya na fuo si kigeni. Ni kweli. Henrik Ibsen wa Norway alitoa tamthilia mwaka 1882 kuhusu daktari anayegundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazouletea mji wake utajiri yamechafuka, na badala ya kushukuriwa anaitwa adui wa watu. Tofauti ni kwamba daktari wa Ibsen anakataa kunyamaza, ilhali wa Amity anakubali kabla hajashikwa mkono. Katika maisha ya kweli tunaye Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan, China. Mwisho wa Desemba 2019 aliwaonya wenzake kuhusu homa ya mapafu isiyofahamika. Mapema Januari 2020 polisi walimwita na kumtilisha sahihi karatasi ya kukemewa kwamba alieneza uvumi. Tarehe 7 Februari mwaka huo alifariki kwa ugonjwa huo huo wa Covid. Alikuwa bado kijana.

Liko somo jingine la udaktari humo ndani, ambalo watazamaji wengi hulipita kwa sababu wanasubiri damu. Baada ya kifo cha mtoto Kintner wavuvi wanatoka kwa fujo na kurudi na papa mkubwa. Anatundikwa, picha zinapigwa, meya anatabasamu. Ni mtu mmoja tu asiyecheka, naye ni Matt Hooper, mtaalamu wa samaki. Yeye alikwisha kuyachunguza mabaki ya msichana, mikono ikimtetemeka, na kusema waziwazi kwamba ile haikuwa ajali ya mashua. Sasa anapima mdomo wa papa aliyenaswa na kuona kwamba haulingani na jeraha. Anaomba apasuliwe ili yaangaliwe yaliyo tumboni. Meya anakataa. Usiku Hooper na Brody wanakwenda wenyewe na kisu. Tumboni mna samaki na bati la nambari ya gari, lakini hamna mtoto.

Hilo kosa la wavuvi tunaliona katika zahanati kila msimu wa mvua. Mtoto ana homa kali, anapimwa, vimelea vya malaria vinaonekana, na kila mtu anashusha pumzi. Papa amepatikana. Anapewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani, kumbe shingo yake imekakamaa kwa homa ya uti wa mgongo na hakuna aliyejaribu kuikunja. Mahali penye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado akawa anaumwa na kitu kingine kabisa. Kipimo kikitoa jibu, jibu hilo linapaswa kulingana na jeraha. Ukiwa mzazi, na mwanao hapati nafuu siku mbili baada ya dawa, au anazidi kulegea, au anatapika kila kitu, au anapatwa na kifafa, usikubali kuambiwa kwamba papa alikwisha kunaswa juzi. Mrudishe hospitali, na uulize kwa sauti kama kuna kingine walichokitafuta.

Nimesema mengi kuhusu makaratasi, na msomaji anaweza kudhani filamu haitishi. Inatisha sana. La ajabu ni kwamba papa mwenyewe haonekani vizuri mpaka filamu imekwenda zaidi ya saa nzima. Sababu haikuwa ufundi peke yake. Papa wa mtambo waliyemtengeneza, ambaye walimbandika jina la Bruce, alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi, na kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua 159. Basi Spielberg akatuonyesha maji matupu, miguu inayopiga maji, mapipa ya manjano yanayoburutwa na kitu tusichokiona, na juu yake akaweka muziki wa John Williams wa noti mbili zinazorudiarudia. Muziki huo ulipata tuzo ya Oscar, na kwa maoni yangu ulistahili pia kutajwa katika vitabu vya fiziolojia.

Mrusi Ivan Pavlov aliwazoesha mbwa wake sauti fulani kabla ya chakula mpaka wakawa wanatokwa na mate kwa kuisikia tu. Spielberg anatufanyia hivyo hivyo. Mara ya kwanza muziki unakuja na kifo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu moyo wako unakwenda mbio kwa noti mbili tu, na macho yako yanaangalia maji matulivu. Filamu inaiheshimu kanuni hiyo: wavulana wawili wanapowatania waogeleaji kwa pezi la bandia, muziki haulii. Aliyesikiliza vizuri alikwisha kujua kwamba hapo hapakuwa na papa.

Mwilini mambo huenda hivi. Sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hatari haingoji kuthibitisha. Inatoa amri, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, mapigo ya moyo yanaongezeka, mboni za macho zinapanuka, sukari inaingia katika damu, matumbo yanasimamisha kazi yake na viganja vinalowa jasho. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba haya yote ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Mtazamaji hapigani wala hakimbii. Amekaa kitini na bisi mkononi, na moto wote huo unawaka bila kazi. Ubongo wa mbele unajua kwamba ni sinema na ndio unaogeuza hofu hiyo kuwa raha. Hata msemo wa kwamba damu huganda kwa woga umewahi kupimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha majaribio yao kwa vijana 24 wenye afya waliotazama filamu ya kutisha na filamu nyingine ya maelezo tu. Ile ya kutisha ilipandisha kiasi cha protini mojawapo inayosaidia damu kuganda, ingawa damu yenyewe haikuanza kuganda. Kwa mtu mwenye moyo mzima, basi, si jambo la kumkosesha usingizi.

Ninacholalamikia katika filamu hii ni kwamba inamfundisha mtu kuogopa kitu kisichostahili. Katika mazungumzo yao wahusika wanataja mkasa wa kweli wa Julai 1916, papa waliposhambulia watu katika pwani ya New Jersey. Walikufa 4. Kiangazi hicho hicho, karibu kabisa na hapo, polio iliua zaidi ya watu 2,000 katika mji wa New York, wengi wao watoto wadogo. Hakuna aliyetengeneza filamu ya kutisha kuhusu polio ya 1916. Duniani kote papa huua watu wanaohesabika kwa vidole, mwaka mmoja hata kumi hawafiki, mwingine wakazidi kidogo. Malaria iliua karibu 600,000 mwaka 2023. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua 59,000 kila mwaka, na nimewaona watu wazima, wanaokataa kukanyaga maji ya Diani yasiyofika magotini kwa kuhofia papa, wakikaa siku nne na jeraha la mbwa wa jirani bila kuliosha kwa sabuni wala kwenda kuchanjwa. Kwetu Pwani, ukweli usemwe, papa ndiye anayeliwa. (Na kwa kuwa nimemtaja: mama mjamzito ampishe papa kando na achague dagaa, maana samaki wakubwa wanaokula samaki wengine hujikusanyia zebaki, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.)

Peter Benchley, aliyeandika riwaya ya mwaka 1974 ambayo filamu ilitokana nayo, aliyatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa mpaka alipofariki mwaka 2006. Spielberg mwenyewe alisema mwaka 2022 kwamba anajutia jinsi papa walivyopungua. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013, binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka.

Hata simulizi maarufu ya nahodha Quint, ambayo wengi huiona kama kilele cha filamu, naisikiliza kwa sikio la kidaktari. Anasimulia kuzama kwa manowari Indianapolis, iliyokuwa imetoka kupeleka sehemu za bomu la Hiroshima, na jinsi papa walivyowatafuna mabaharia. Tarehe anayoitaja si sahihi, maana ilizama tarehe 30 Julai 1945. Walionusurika ni 316. Papa walikuwapo, ndiyo, lakini wengi waliuawa na majeraha, jua, kiu, na wale waliokata tamaa wakanywa maji ya bahari. Chumvi ikizidi katika damu maji hutoka ndani ya chembechembe za ubongo, na mtu huanza kuona visiwa visivyokuwapo akaogelea kuvifuata. Kifo cha namna hiyo kinanitisha kuliko meno yoyote. Na mwisho wa filamu, ambapo papa analipuka vipande vipande kwa mtungi wa mzamiaji kupigwa risasi, tuupokee kama zawadi kwa watazamaji. Mtungi ule una hewa iliyoshindiliwa, si petroli.

Kuhusu meya, filamu inamtendea haki zaidi kuliko nilivyokumbuka nilipoitazama tena. Baada ya papa kuua mtu mwingine siku ya sikukuu, na mwana wa Brody kulazwa kwa mshtuko, tunamkuta hospitalini akiongea peke yake, akisema watoto wake nao walikuwa ufuoni. Ndipo anapotia sahihi karatasi ya kumlipa Quint. Ila katika filamu ya pili, ya mwaka 1978, Vaughn bado ni meya, na anayefutwa kazi ni Brody.

Mwisho, kwa wazazi walioniuliza. Filamu hii haifai watoto wadogo, hata kama Marekani waliiruhusu kwa watoto wenye kusimamiwa na wazazi. Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kuondolewa hofu kwa kuelezwa kwamba papa ni mtambo. Akishaona, ameona. Huyo mshike, mpe kitu cha kunywa, umwachie taa, na usimcheke mbele ya ndugu zake. Wa miaka kumi anaweza kuelezwa, na mara nyingi kumweleza jinsi Bruce alivyokuwa akiharibika kunamtuliza zaidi ya kumkataza. Akiota ndoto mbaya usiku mmoja au miwili, hiyo ni kawaida. Zikiendelea kwa wiki kadhaa, au akianza kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au akikataa kuoga na kwenda shule, mlete tumwone. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa atazame mchana, akiwa amekwisha kumeza dawa zake, na akisikia kifua kinabana au pumzi inakatika asingoje filamu iishe.